Nyumba Iliyojengwa Juu ya Mtaro

Mwaka jana nilikwenda Wamagana, Tetu, huko Nyeri, kuangalia nyumba ya kununua, nikaishia kuangalia mtaro uliofukiwa zamani.

Nyumba ilikuwa ya mbao, vyumba vitatu, mabati yameshika kutu, na ua wa kayaba ulionenepa kuliko ukuta wa mawe. Mwenyewe ni shosho aliyepita miaka themanini, ambaye wanawe walikuwa wakimvuta aende akakae nao Ruiru. Kabla hatujafika langoni dalali alinishika mkono, akaninong'oneza: "Bei iko chini kwa sababu hapa ni gichagi. Ukiuliza hati utaambiwa inakuja." Neno hilo, gichagi, alilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa ulio katika ukoo wao.

Nimezaliwa Othaya, kwa hiyo sikuhitaji kutafsiriwa. Gichagi ni kijiji, lakini katika Nyeri ukimwambia mtu kwamba anatoka gichagi umeshamwambia kuwa hana shamba, na pengine babake hakuwa nalo pia. Nilipofika mlangoni nikamwamkua shosho, nikamuuliza jambo ambalo mnunuzi yeyote huuliza: mpaka wa ploti unaishia wapi? Akanionyesha kwa fimbo mstari wa magugu nyuma ya choo. "Mpaka ni mtaro," akasema. "Niliuchimba mimi, sijaolewa bado. Nani atanifundisha mahali ulipopita?"

Nyuma ya magugu hayo yanaanza majani chai ya jirani. Naye ana lake la kusema juu ya mtaro, na nitalifikia.

Waandishi wa historia ya Nyeri hawafiki kwenye mtaro wa namna hii. Huanza 1902, Richard Meinertzhagen alipokuja na askari wake kuwaadhibu watu wa Tetu kwa sababu ya msafara wa wafanyabiashara ulioshambuliwa, ikajengwa ngome chini ya kilima na mji ukaota hapo. Wengi hunukuu shajara yake kama msahafu. Shajara hiyo ilichapishwa 1957, zaidi ya miaka hamsini baada ya mambo yenyewe, na mwenye nayo ameshaonyeshwa na watafiti, Brian Garfield mmojawapo katika kitabu chake cha 2007, kuwa mtu aliyetia chumvi maisha yake kwa mkono usiotetemeka. Baada ya ngome huja wamisionari wa Consolata, maduka ya Wahindi, Baden-Powell wa maskauti aliyezikwa Nyeri 1941, na Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa katika hoteli ya Treetops usiku ule wa Februari 1952 babake alipofariki. Mtalii akishapiga picha za hayo anadhani ameiona Nyeri.

Mtaa wenye historia nzito kuliko yote hayo ni ule ambao dalali ananong'ona akiutaja.

Kabla ya 1954 Wakikuyu wa Tetu hawakukaa vijijini. Kila boma lilisimama juu ya mgongo wake wa kilima, na mashamba yakiteremka hadi mtoni. Hali ya hatari, ya kupambana na wapiganaji wa Mau Mau, ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na mnamo Juni 1954 serikali ya kikoloni ikaamua kuwakusanya watu wote wa nchi ya Wakikuyu katika vijiji. Kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishiwa katika vijiji zaidi ya 800. Maboma ya zamani yalichomwa, mara nyingi wenyewe wakitazama. Vibanda vipya vikajengwa kwa mistari na watu walewale waliochomewa, na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni, waliojenga ni wanawake, wazee na watoto. Kijiji kikazungushiwa seng'enge. Nje ya seng'enge ukachimbwa mtaro, na ndani yake ikasimikwa miti iliyochongwa ncha. Wangati, yaani askari wa nyumbani walioshika upande wa serikali, walikuwa na kituo chao chenye mnara. Kutoka ni kwa saa maalumu, na kijiji kikishukiwa kuwalisha wapiganaji, saa hizo zilipunguzwa hadi watu wakashindwa kufika shambani, njaa ikaingia.

Mtaro mwingine, mrefu zaidi, ulichimbwa kwa kazi hiyohiyo ya kulazimishwa kandokando ya msitu, ili kuwatenganisha wapiganaji na chakula. Tetu haikuuona kwa mbali. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji hao, alizaliwa Tetu mwaka 1920, na tarehe 21 Oktoba 1956 alipigwa risasi na kukamatwa kwenye ukingo wa msitu huohuo, si mbali na alikozaliwa. Aliyempiga ni Mkikuyu, Ndirangu Mau.

Maafisa wa wakati ule waliviita vijiji ulinzi. Wengine walisema ni mwanzo wa maendeleo: watu wakikaa pamoja watapata maji, shule na maduka. Hoja hiyo haihitaji maneno mengi. Mtaro wenye miti ya ncha na mlango mmoja unaolindwa na bunduki unamlinda anayeshika bunduki. Caroline Elkins, katika kitabu chake cha 2005, anasisitiza kwamba vijiji vile vilikuwa vizuizi kama kambi zenyewe, na katika hilo niko upande wake. David Anderson naye, katika kitabu kilichotoka mwaka uleule, alifungua majalada ya mahakama zilizowanyonga zaidi ya watu elfu moja. Wawili hao na wafuasi wao wamebishana sana juu ya hesabu ya waliokufa. Ila simulizi ya vitabu vyote viwili inafifia pale seng'enge inapong'olewa, kana kwamba watu walikunja mikeka wakaenda nyumbani. Nyumbani wapi?

Hapo ndipo ugomvi wa mtaro unapoanzia, nami nitakaa hapo kidogo.

Wakati watu wamefungiwa vijijini, serikali ilipata nafasi ambayo haikuwahi kuota: kupanga upya mashamba bila wenyewe kuweza kupinga. Vipande vya kila mtu vilivyotawanyika vilipimwa, vikajumlishwa, mtu akapewa shamba moja lenye ukubwa uleule mahali pamoja. Tetu ilitangulia katika jambo hilo. Chifu Muhoya wa Kagumba, wa Tetu Kaskazini, alikuwa mmoja wa machifu wa mwanzo kuwahimiza watu wake waunganishe mashamba, na wakuu walimsifu kama kielelezo. Kwa hiyo eneo dogo hili lilimtoa kiongozi wa msituni na pia chifu aliyekuwa kipenzi cha serikali. Wazee wa hapa hawapendi kuwataja hao wawili kwa pumzi moja.

Kamati za wazee ndizo zilizoamua nani alikuwa na kipande gani, na wangati walikuwa na sauti kubwa ndani ya kamati hizo. Aliyekuwa kizuizini Manyani au Mwea hakuwepo kusema neno. Mwaka 1957 ikatungwa sheria ya kusimamisha kesi za ardhi katika mahakama za Waafrika, hivyo aliyerudi na kukuta shamba lake limepungua hakuwa na pa kushitaki. Na muhoi, yaani mtu aliyekuwa akilima ardhi ya ukoo mwingine kwa kuomba na kwa heshima, hakuwa na kipande cha kuhesabiwa kabisa. Haki yake ilikuwa ya maneno, na soroveya hapimi maneno.

Sasa sikiliza sehemu inayosahauliwa. Kabla ya kugawa mashamba mapya, kamati ilikata sehemu kutoka katika ardhi ya kila mtu, kwa asilimia, kwa ajili ya mambo ya wote: barabara, shule, soko, na kijiji. Wenye mashamba waliporudi kwenye ardhi zao, miaka ya mwisho ya hali ya hatari na baada ya kumalizika kwake Januari 1960, waliobaki katika mistari ile ya vibanda ni wahoi, wajane, na waliotoka vizuizini wakakuta hakuna. Ploti zao zilikuwa ndogo sana, za nyumba na kibustani cha sukumawiki. Wakazibatiza mji wao.

Jirani mwenye majani chai, mtu mpole na mkarimu aliyenipa chai ya maziwa kabla hajanipinga, anasema mtaro ulichimbwa katika shamba la babake. Kwa hiyo, kwake, kijiji kinaishia ukingo wa ndani wa mtaro, na choo cha shosho kimesimama kwake. Ana hati miliki. Ana ramani pia, na aliikunjua mezani kwa uangalifu wa mtu aliyeikunjua mara nyingi. Watu wa kijijini, aliongeza bila ubaya, ni wageni waliosahau kuondoka.

Maneno hayo nimeyasikia Othaya, nimeyasikia Mathira, na safari hii sikuweza kunyamaza. Ardhi ya kijiji haikuwa ya babake peke yake. Ilikatwa kwa kila aliyekuwa na kipande, akiwemo yule aliyenyang'anywa chake na kamati. Na mtaro ulikuwa sehemu ya kijiji, kama ukuta ulivyo sehemu ya nyumba. Ukingo wa ndani hauwezi kuwa mpaka. Juu ya yote, ramani aliyonikunjulia haimsaidii kama anavyofikiri: hati za huku kwetu zilisajiliwa kwa mipaka ya jumla, ile inayofuata ua na miti, na ramani ya sajili haikuchorwa ili kumaliza ugomvi wa hatua tatu. Ndiyo maana Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inataka mabishano ya mpaka wa namna hiyo yaamuliwe kwanza na msajili wa ardhi kabla ya kufika mahakamani. Msajili naye atauliza: alama ya zamani iko wapi? Na alama ya zamani ni mtaro.

Namkubalia jambo moja. Inawezekana babake alikatwa kuliko wengine, kwa kuwa kituo cha wangati na mtaro viliangukia upande wake. Kama ni hivyo, deni lake analo aliyechora kijiji, na aliyechora kijiji alipanda meli akaenda zake. Shosho hakuchora chochote. Alipewa jembe.

Ukienda Lamu, iliyoingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2001, mlango wa zamani unapandisha bei ya nyumba. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia mwaka mmoja kabla, una watu wa kuhesabu hata baraza za mawe. Nyumba za mitaa hiyo zilijengwa na waliokuwa na kitu. Wamagana zilijengwa na walionyang'anywa, basi historia yake inashusha bei. Sijaona kibao kimoja kinachosema: hapa palikuwa na mtaro.

Miaka iliyofuata naipitia mbio, kwa kuwa wenyewe waliipitia mbio. Uhuru 1963. Kahawa, kisha majani chai na kiwanda cha Gathuthi, kwa wenye mashamba. Kwa wa kijijini, kibarua cha kuchuma. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, akawa mbunge wa Tetu 2002 na akapata Nobel 2004. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee zaidi ya 5,200 walioteswa wakati wa hali ya hatari. Mwaka huohuo zikaja kaunti, na Wamagana, ambako ndiko makao ya Tetu, ikaanza kuota maghorofa ya mawe ya kuchonga. Wenye pesa za Nairobi wakaanza kutafuta ploti karibu na barabara, nikiwemo mimi.

Ununuzi wenyewe, kwa asiyejua, uko hivi. Shamba lenye hati unalifanyia upekuzi katika ofisi ya ardhi, unapata idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, unasajili. Ploti ya kijiji cha kikoloni haina njia hiyo hadi ipimwe. Iliwekwa chini ya baraza la kaunti la zamani kama ardhi ya udhamini, na tangu Katiba ya 2010 imeingia katika ardhi ya umma chini ya serikali ya kaunti na Tume ya Taifa ya Ardhi. Mkaaji ana barua ya kugawiwa, kama ana bahati, na mfuko wa nailoni uliojaa risiti za kodi. Ukilipa, unanunua mbao, mabati na zamu ya kungoja. Katika miaka ya karibuni baadhi ya vijiji vya Nyeri vimepimwa na wenyewe wakapewa hati. Vingine bado.

Sikuinunua nyumba ile. Wanawe walitaka kuuza haraka kabla soroveya hajafika, na niliona haya kulipa bei ya gichagi kwa mtu ambaye karibuni angepata bei ya mwenye hati. Nilimwambia shosho angoje. Alicheka. "Nimengoja tangu kabla hujazaliwa, mwanangu."

Ombi langu ni kwa watakaotumwa kupima Wamagana. Msianzie kwenye ramani ya jirani. Anzieni mlangoni kwa shosho, mtembee naye ukingo mzima wa nje, mpige vigingi anapoelekeza, na mtaro muuchore kwenye ramani kwa jina lake. Njooni mapema. Nilimuuliza ni wangapi kijijini pale wanaokumbuka ulipopita. Alihesabu kwa vidole, akafika watatu, naye akiwemo.