Gil McDougald, kiraka wa Yankees

Gil McDougald alicheza besiboli ya kulipwa katika timu ya New York Yankees kuanzia 1951 hadi 1960, na kwa miaka hiyo 10 hakuwa na namba ya kudumu. Alilinda besi ya pili, akahamia ya tatu, kisha akapewa nafasi ngumu iliyo kati ya hizo mbili. Mashabiki wa kandanda humwita mchezaji wa namna hii kiraka.

Alizaliwa San Francisco mwaka 1928. Msimu wake wa kwanza ulikuwa pia wa kwanza kwa Mickey Mantle, nyota aliyekuja kuvuma sana, lakini tuzo ya mchezaji mpya bora wa American League ilikwenda kwa McDougald. Oktoba hiyo, katika fainali dhidi ya New York Giants, alipiga mpira ukavuka uzio huku besi zote tatu zikiwa na wenzake. Pigo moja, alama 4. Hakuna mchezaji mpya aliyekuwa amelifanya hilo katika fainali kabla yake.

Kocha Casey Stengel alipenda kubadilisha kikosi, na McDougald ndiye aliyempa nafasi ya kufanya hivyo. Phil Rizzuto, mlinzi wa nafasi ile kati ya besi ya pili na ya tatu, alipozeeka na kuachwa mwaka 1956, pengo lilikuwa limeshazibwa. Yankees walitwaa ubingwa mara 5 akiwa nao.

Mpira huohuo ulimuumiza. Mwaka 1955, mazoezini, pigo la mwenzake Bob Cerv lilimpata karibu na sikio, na usikivu wake ukaanza kufifia. Tarehe 7 Mei 1957 ikawa zamu ya pigo lake mwenyewe: lilimpiga jichoni Herb Score, mrushaji kijana wa Cleveland. Score hakupofuka, ila hakurudia makali yake, na McDougald alibeba huzuni hiyo miaka mingi.

Alistaafu akiwa na miaka 32. Baadaye alifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Fordham, huku uziwi ukizidi kumtenga na watu. Mwaka 1994 madaktari walimpandikizia kifaa sikioni, akasikia tena. Alifariki mwaka 2010.