Upasuaji wa Pua: Historia ya Sura na Pumzi

Upasuaji wa pua, yaani kazi ya kitabibu ya kupunguza, kunyoosha au kujenga upya kiungo hicho, huzungumzwa siku hizi kana kwamba ni mambo mawili yasiyohusiana: upande mmoja upasuaji wa urembo, unaobadili umbo la pua ili limridhishe mwenyewe, na upande wa pili upasuaji wa tiba, unaomwezesha mgonjwa kupumua vizuri. Historia ya taaluma hii haiungi mkono mgawanyo huo, kwa kuwa tangu maandishi ya kale hadi vitabu vya leo, waliofanikiwa ni wale waliokumbuka kwamba pua ni sehemu ya uso na papo hapo ni njia ya hewa, na waliosahau moja kati ya hayo mawili waliwaachia wagonjwa wao madhara.

Ushahidi wa mapema unatoka Misri. Hati ya mafunjo inayojulikana kwa jina la Edwin Smith, Mmarekani aliyeinunua huko Luxor mwaka 1862, ni nakala iliyoandikwa takriban mwaka 1600 KK, nayo inaeleza matibabu ya majeraha 48, yakiwamo ya pua iliyovunjika. Tabibu anaelekezwa aurudishe mfupa mahali pake, asafishe damu iliyoganda ndani ya tundu za pua, aingize vizibo viwili vya kitani vilivyopakwa mafuta, kisha aitegemeze pua kwa nje kwa vitambaa vigumu vilivyoviringishwa. Daktari wa leo anayeweka pamba ndani na kibao chepesi juu ya pua hajaenda mbali na maagizo hayo.

Nchini India, ambako kukatwa pua kulikuwa adhabu ya uzinzi na pia njia ya kumdhalilisha adui aliyetekwa, haja ya kuirudisha pua iliyopotea ilizaa elimu kubwa zaidi. Kitabu cha tiba kinachohusishwa na Sushruta, ambacho sehemu zake za kale hukadiriwa kutungwa karne kadhaa kabla ya Kristo, kinaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua. Tabibu alichukua jani la mti lenye ukubwa wa sehemu iliyokatwa, akalifanya kipimo, akachuna kwenye shavu kipande cha ngozi cha kiasi kilekile huku akikiacha kimeshikana na shavu upande mmoja ili damu iendelee kukifikia, kisha akakigeuza na kukishona juu ya baki la pua lililokwanguliwa upya. Alipomaliza aliingiza mirija miwili mahali pa tundu za pua, akanyunyiza unga wa dawa za mitishamba, akafunika kwa pamba na kuilowesha kwa mafuta ya ufuta. Mirija hiyo ndiyo jambo la kuzingatiwa zaidi, kwa sababu inaonyesha kwamba fundi yule hakuridhika na kuziba pengo usoni tu, bali alitaka pua mpya isibonyee na mwenye pua apumue.

Uzito wa kupoteza pua haukuwa wa India pekee. Kaisari Justiniani wa Pili wa Bizanti alipopinduliwa mwaka 695 alikatwa pua kwa imani kwamba mtu mwenye kilema kama hicho hastahili kutawala, ingawa alirudi kwenye kiti chake mwaka 705. Katika Ulaya ya karne ya 15 na ya 16, ambako mapigano ya panga na ugonjwa wa kaswende viliharibu nyuso za watu wengi, familia za Branca wa Catania na Vianeo wa Tropea nchini Italia zilijipatia sifa kwa kutengeneza pua, ujuzi ambao Gaspare Tagliacozzi, mwalimu wa tiba wa Bologna, aliueleza katika kitabu alichochapisha Venice mwaka 1597. Njia aliyoieleza ilitumia ngozi ya mkono badala ya ngozi ya uso, ili mgonjwa asiongezewe kovu pale anapotazamwa na watu. Kipande cha ngozi kilichunwa sehemu ya juu ya mkono bila kukatwa kabisa, kikashonwa kwenye baki la pua, na mkono ukafungwa kichwani kwa vazi maalumu lenye mikanda kwa takriban siku 20, mgonjwa akila na kulala katika hali hiyo, mpaka mishipa ya damu ya uso ilipoanza kuilisha ngozi ile mpya na ndipo mkono ukaachanishwa. Tagliacozzi alisisitiza kwamba lengo la mateso hayo yote halikuwa kuyafurahisha macho ya watazamaji, bali kuirudisha nafsi ya mgonjwa iliyovunjika. Baada ya kifo chake mwaka 1599 ujuzi huo ulififia barani Ulaya kwa muda mrefu.

Ulifufuliwa na habari kutoka India. Mwaka 1794 gazeti la Gentleman's Magazine la London lilichapisha barua yenye picha ya Cowasjee, mwendesha magari ya ng'ombe aliyelitumikia jeshi la Waingereza katika vita dhidi ya Sultani Tipu wa Mysore, akatekwa na kukatwa pua na mkono mmoja. Fundi wa kienyeji wa Poona alimtengenezea kiolezo cha pua kwa nta nyembamba, akakilaza kwenye paji la uso, akachora mzingo wake, akachuna ngozi ndani ya mchoro huo na kuigeuza chini ikiwa bado imeshikana katikati ya nyusi. Joseph Carpue, daktari wa London, aliijaribu njia hiyo kwa maiti kabla ya kuitumia kwa mgonjwa hai mwaka 1814, naye alichapisha matokeo yake mwaka 1816. Hadi leo ngozi ya paji la uso ndiyo inayotegemewa kujenga pua iliyoliwa na saratani ya ngozi, hivyo kwamba hospitali kubwa za dunia zinaendeleza kazi ya mafundi ambao majina yao hayakuandikwa.

Kufikia hapo aliyepasuliwa alikuwa amepoteza pua. Mambo yalibadilika dawa ya usingizi ilipoonyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, kinga dhidi ya vijidudu ikafuata, na mwaka 1884 kokeini ikaanza kutumika kama ganzi, kwani maumivu na hatari vilipopungua iliwezekana kumpasua mtu mwenye pua kamili asiyeipenda. John Orlando Roe wa Rochester, Marekani, alieleza mwaka 1887 namna ya kurekebisha ncha ya pua kwa kupitia ndani bila kuacha kovu nje. Mwaka 1898 Jacques Joseph wa Berlin alimpunguzia pua mtu ambaye ukubwa wa kiungo hicho ulimfanya aepuke hadhara, akatetea mbele ya madaktari wenzake kwamba mateso ya moyo nayo yanastahili tiba. Methali ya Waswahili isemayo kata pua uunge wajihi ilikuwa imetimia kwa maana yake ya wazi kabisa. Hata hivyo, Joseph alikuwa Myahudi, na miongoni mwa waliomwendea walikuwamo Wayahudi wa mji ambao chuki dhidi yao ilitumia umbo la pua kuwadharau, jambo linalokumbusha kwamba matamanio ya sura fulani mara nyingi huzaliwa na dhuluma ya jamii kabla ya kuzaliwa na kioo.

Wakati huohuo madaktari wengine walishughulikia ndani ya pua. Ukuta wa kati unaotenganisha tundu mbili, uliojengwa kwa mfupa na gegedu, yaani tishu ngumu inayopindika kidogo, ukipinda huziba upande mmoja au pande zote mbili. Otto Freer wa Chicago mwaka 1902 na Gustav Killian wa Ujerumani mwaka 1904 walieleza jinsi ya kutoa sehemu iliyopinda chini ya utando wake na kuacha ukanda wa gegedu juu na mbele, kwa kuwa pua iliyonyimwa nguzo hiyo hudidimia mgongo.

Vita Kuu ya Kwanza iliunganisha tena pande hizo mbili. Katika hospitali ya Sidcup, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1917, Harold Gillies wa New Zealand na wenzake walijenga upya nyuso za maelfu ya askari. Binamu yake Archibald McIndoe, aliyewatibu marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili, alishirikiana na madaktari wenzake Michael Wood na Mmarekani Thomas Rees kuanzisha mwaka 1957 huduma ya madaktari wa ndege Afrika Mashariki, ambayo ndiyo chimbuko la shirika la Amref. Rees huyohuyo alikuja kuwa miongoni mwa madaktari mashuhuri wa upasuaji wa urembo New York.

Kosa kubwa la karne ya 20 lilikuwa kupunguza kupita kiasi. Mahali pembamba kuliko pote katika njia ya hewa ni pembe iliyopo kati ya ukuta wa kati na gegedu za pembeni, pembe ambayo kwa Wazungu wengi ni ya nyuzi 10 hadi 15 tu, na mgongo wa pua ukichongwa bila kuitegemeza, gegedu huangukia ndani na kila pumzi inayovutwa huzidi kuifunga. Maurice Cottle wa Chicago aliacha kipimo chepesi cha hali hiyo: mgonjwa huvuta ngozi ya shavu kwa nje, na akihisi hewa inapita vizuri zaidi, huenda tatizo liko hapo. Jack Sheen wa California alieleza mwaka 1984 namna ya kuchomeka vipande vyembamba vya gegedu pande mbili za ukuta ili kuipanua pembe hiyo, na tangu hapo madaktari wengi wamezidi kuhifadhi na kuimarisha nguzo za pua badala ya kuziondoa. Vipimo vya zamani vya pua nzuri, vilivyotokana na nyuso za Ulaya, navyo vimepoteza mamlaka, kwa kuwa pua pana yenye ngozi nene haina kasoro inayodai kusahihishwa.

Anayefikiria upasuaji huu leo ana haki ya kunufaika na historia hiyo yote. Amwendee daktari bingwa aliyesajiliwa, wa pua, koo na masikio au wa upasuaji rekebishi, na kabla ya kuonyeshwa picha za sura aombe njia yake ya hewa ikaguliwe. Aulize ni gegedu gani itakayoondolewa na ni ipi itakayobaki, na akubali kwamba uvimbe huweza kuchukua mwaka mzima kwisha na kwamba upasuaji wa kurudia ni mgumu kuliko wa kwanza. Daktari anayeahidi sura bila kusema lolote kuhusu pumzi hafai kukabidhiwa pua ya mtu.