Historia ya Vinanda Vilivyofungwa Waya Mmoja

Mwaka 1974 Tom Oberheim, mhandisi wa California, alitoa kisanduku kiitwacho SEM. Hakikuwa na funguo za kupiga. Mwenye Minimoog alikiunganisha na kinanda chake, noti moja ikatoka kwa sauti mbili zilizobebana. Mwaka uliofuata Oberheim akavipanga vinne katika kinanda kimoja, kila kimoja na vitufe vyake vya kuzungusha, na mpigaji ilimlazimu kuvirekebisha kimoja kimoja. Havikupata kulingana sawasawa. Utamu wote ulikuwa hapo.

Tabu ilikuwa kwamba kila kampuni ilikuwa na volti zake na plagi zake. Mwaka 1981 Ikutaro Kakehashi wa kampuni ya Roland alimwendea Oberheim kutaka kanuni moja kwa wote, naye akamshirikisha Dave Smith wa Sequential Circuits. Januari 1983, kwenye maonyesho ya NAMM huko Anaheim, kinanda cha Smith, Prophet-600, kilifungwa waya na Jupiter-6 ya Roland: bonyeza hapa, kile kiitikie. Washindani wa biashara hao! Agosti mwaka huohuo kanuni za muunganisho huo, zilizoitwa Midi, zikachapishwa: plagi ya pini 5, chaneli 16, biti 31,250 kwa sekunde.

Ndipo yakaja masanduku ya Midi yasiyo na funguo. Yamaha ilipanga vinanda vyake nane vya DX7, bila funguo zake, kwenye fremu moja ikaiita TX816. Roland ikatoa MKS-80. Waya ulitoka tundu la Out la kinanda cha DX7, ukaingia In ya sanduku la kwanza, ukapokezwa kwa Thru hadi In ya la pili. DX7 ya mwanzo hutuma kwenye chaneli 1 tu, basi yote yaliwekwa hapo. Ukigonga noti, DX7 inatangulia na mlio mkali kama wa kengele, kisha MKS-80 inapanda taratibu nyuma yake na kuujazia mwili. TX816 ni ya kidijitali, haiyumbi, kwa hiyo mpigaji huipandisha moja ya DX7 zake nane na kuishusha nyingine kidogo kwa makusudi. Ile ya Roland, ya analogi, huyumba yenyewe. Tena ukitaka tabaka mbili ndani ya MKS-80 peke yake, noti zake 8 hubaki 4. Ongeza sanduku la pili, hupungukiwi na kitu.

Kasoro hazikukosekana. Noti moja huchukua karibu milisekunde 1 kupita kwenye waya, hivyo vidole kumi vilivyoshuka pamoja havifiki pamoja. Na mnyororo wa Thru ukirefuka mno ishara huchakaa, masanduku ya mwisho yakaanza kuruka noti.

Kisha kazi hiyo ya kubebanisha sauti ikahamia ndani ya kinanda kimoja. D-50 ya Roland, 1987, iliunga mwanzo wa sauti halisi iliyorekodiwa na mwendelezo wa kutengenezwa. Korg M1 ya 1988 ikaruhusu hadi sauti 8 zipangwe pamoja, ila uwezo wake ni 16 tu: ukizirundika zote 8 kwenye ufunguo mmoja, unabaki na noti 2. Zaidi ya hapo, zote zimetoka tumbo moja, na masikioni mwangu hilo hujitokeza.

Wanaounganisha masanduku hayo ya zamani leo huhofia zaidi betri ya ndani. Ikifa, sauti zote zilizohifadhiwa hupotea. Huzihamishia kwanza kwenye kompyuta, kwa waya uleule wa pini 5, ndipo wafungue kifuniko kubadilisha betri.