Redio ya Ridhaa Si Idhaa

Mtu akifunga waya wa mita ishirini kutoka mwembe mmoja hadi mwingine huko Awendo au Kendu Bay, swali la kwanza la majirani si gumu kulikisia: "Unafungua stesheni?" Wana haki ya kuuliza. Kwa mkaazi wa Migori na Homa Bay, redio ni ya kusikiliza: Ramogi FM alfajiri, taarifa ya habari saa saba mchana, matangazo ya vifo, na kule kisiwani Mfangano sauti ya Ekialo Kiona, redio ya kijamii inayosema Kisuba kabla lugha hiyo haijamezwa yote na Dholuo. Sasa mweleze jirani huyo kwamba waya ule hautangazi chochote. Kwamba mwenye waya anaongea na mtu mmoja aliye Dodoma au Finland, kwa zamu, bila bando wala laini ya simu, na halipwi hata shilingi. Ataitikia kwa heshima, kisha aende zake akiamini kwamba una stesheni.

Simlaumu. Kiswahili kimetupa maneno mawili yanayotofautiana kwa herufi moja tu, na yote mawili yametoka Uarabuni. Idhaa ni utangazaji: mmoja anasema, maelfu wanasikia. Ridhaa ni kukubali kwa moyo, na ndilo neno tulilolipa kazi ya kumtaja mtu afanyaye jambo bila ujira. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano zinamtambua mwanaredio huyu kuwa mtu anayejifunza, anayewasiliana na wenzake na anayechunguza ufundi wa mitambo kwa shauku yake mwenyewe, pasipo faida ya fedha. Nchini Kenya leseni yake hutoka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, na jina lake la hewani huanza na 5Z4. Enzi za mkoloni lilianza na VQ4. Hapigi muziki wala hauzi sabuni. Kwa hiyo redio ya ridhaa si idhaa, na anayetaka kuieleza sokoni Migori aanze hapo.

Lakini ridhaa yenyewe hainiridhishi. Ng'ambo ya Isebania, kwa jirani zetu wa Sirari, watu husema "ngumi za ridhaa", na sijawahi kulisikia neno hilo bila kumfikiria bondia aliyekubali kwa hiari yake kupigwa. Upande wetu ridhaa ni ya mahakamani na hospitalini, pale unapotia sahihi kabla ya upasuaji. Ni neno la mtu aliyeombwa jambo akakubali. Mwanaredio hakuombwa na mtu. Anajiamsha saa kumi usiku kutafuta sauti ya Japani katikati ya mvumo, na asubuhi anakwenda kazini na macho mekundu. Sijui kama hiyo ni ridhaa.

Kiingereza kinamwita "ham". Inasemekana neno hilo lilikuwa la dharau, walilobandikwa wapigaji simu za maandishi wa Marekani waliokuwa na mkono mzito, nao baadaye wakalivaa kwa fahari. Sasa, Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti. Likishapita mdomoni mwetu linatoka "hamu". Na hamu tunayo tangu zamani: ile kiu ya moyo, ya kumwona mtu, ya kusafiri, ya kusikia. Bahati kama hii haitokei mara nyingi katika kazi ya istilahi, mkopo ukabisha hodi ukakuta mwenye nyumba ana jina lilelile na tabia ileile. Kwenye fomu ya serikali tuache ridhaa, kwa kuwa fomu hupenda maneno ya sheria. Kwenye klabu, watu na wajiite wanahamu. Watakaosema hamu ni ya sigara na samaki wa kukaanga, sawa, nayo hii ni ya masafa.

Masafa nalo ni neno lenye mtego. Asili yake ni umbali. Mafundi walipotafuta jina la idadi ya mitetemo kwa sekunde wakalichukua, na leo mtangazaji anakwambia uko naye "katika masafa ya mia moja na saba nukta moja" bila kuwaza hatua hata moja ya barabara. Kioja kiko kwenye masafa mafupi. Asiyejua atadhani yanakoma Rongo. Kumbe ndiyo yanayokwenda mbali kuliko yote, na wazee wa Homa Bay wanalijua hilo, maana kwa miaka mingi London iliwafikia kwa njia hiyo tangu BBC ianze matangazo ya Kiswahili mwaka 1957, na Ujerumani nayo ikafuata mwaka 1963. Kilicho kifupi ni wimbi. Tungeendelea kusema "mawimbi mafupi" tungewapunguzia wanafunzi kazi.

Tena masafa haya yana tabia ya kumruka jirani. Chama cha Amateur Radio Society of Kenya kina mtambo wa ishara uitwao 5Z4B, mmoja wa mitambo 18 iliyotawanywa duniani inayopokezana kwenye megahezi 14.100. Kila dakika tatu zamu yake hufika, naye hupewa sekunde kumi: anataja jina lake kwa Morse, kisha anavuta mlio mrefu mara nne, wa kwanza kwa wati 100, wa pili kwa wati 10, wa tatu kwa wati 1, wa nne kwa sehemu ya kumi ya wati. Msikilizaji anahesabu milio aliyoisikia, na papo hapo anajua njia ya hewani iko wazi kiasi gani. Mtu wa Ulaya anaweza kuisikia mitatu. Aliye Migori, karibu zaidi mara nyingi, huenda asisikie hata mmoja, kwa sababu wimbi lile huondoka kwa mshazari, likagonga tabaka la ayonosfia juu huko na kutua maelfu ya kilomita mbele. Eneo lililo kati linabaki kimya. Napendekeza liitwe "mruko". Fupi, na mtoto ataelewa.

Ndiyo maana watu wawili walio Migori na Homa Bay, kilomita sitini tu kwa mstari ulionyooka, hawaendi kwenye megahezi 14 wakitaka kuongea. Redio za mkononi nazo huzuiwa na vilima. Wanashuka hadi megahezi 7, na waya wanaufunga chini, mita chache tu juu ya ardhi, ili wimbi liende juu moja kwa moja na kurudi, kama maji ya mpira wa bustani ulioelekezwa mbinguni.

Adui wao jioni ni ziwa. Mchana ngurumo huwa milimani, upande wa Kisii na Kericho. Usiku mvua za radi huhamia juu ya ziwa lenyewe, jambo ambalo wavuvi wa omena wanalifahamu vizuri kuliko mtu yeyote. Kila radi inasikika redioni. Wanahamu wa dunia wana vifupisho viwili hapa, QRN kwa makelele ya maumbile na QRM kwa usumbufu wa binadamu. Sisi tulikuwa nayo tofauti hiyo bila kuisajili: redio "inakwaruza" kukiwa na radi, na stesheni "zinaingiliana" zikigombea nafasi moja. Mikwaruzo na mwingiliano, basi. Kazi imekwisha kabla ya kamati kukaa.

Hata kifaa chenyewe kiliwahi kuwa na jina zuri mno, na tumelitupa: simu ya upepo. Simu katika Kiajemi ilikuwa waya, hivyo waliolibuni jina hilo walisema, pengine bila kukusudia, waya wa upepo. Waingereza walihangaika na jina la kukanusha, kitu kisicho na waya. Waswahili wakaufuma waya kwa upepo. Baadaye ikaja "redio koli" ya kituo cha polisi, na ushairi ukaisha.

Palipo pagumu ni kwenye maisha ya klabu. Wanahamu hukutana hewani kwa saa maalumu, mmoja akiongoza, wengine wakiitwa kwa zamu kutoa habari: nani amepata leseni, waya wa nani umekatwa na tawi, nani anauguza. Kwa Kiingereza mkutano huo huitwa wavu. Hebu sema Mbita kwamba klabu imetandaza wavu saa tatu usiku, uone watakaokuja na mitumbwi. Ukikwepa useme "neti" umeingia kwenye mbu. Neno lipo karibu: baraza. Kuna baraza la chifu, liwepo na baraza la hewani, na anayeliongoza awe mshika zamu.

Saa yenyewe ya baraza ina raha yake. Wanahamu huandika muda wote kwa saa ya Greenwich. Mkenya aliyezoea kuondoa saa tatu kwenye saa ya simu yake anaweza kukosea, ila anayehesabu kwa Kiswahili ana njia nyepesi kidogo: mchana ongeza tatu. Saa moja asubuhi ni nne ya Greenwich, saa tano ni nane. Usiku mambo hubadilika, unaongeza kumi na tano. Saa tatu ya baraza inaandikwa kumi na nane. Baada ya mazungumzo hutumiana kadi zenye jina la hewani, tarehe, saa na masafa, kuthibitisha kwamba walisikizana. Waliokulia kwenye vipindi vya salamu, walionunua kadi dukani wakajaza majina ya jamaa ili mtangazaji ayasome, hawahitaji kuelezwa kadi hiyo ni ya nini. Kadi ya salamu ni jina tosha. Kuaga ni kwa nambari, 73, urithi wa wapiga simu za maandishi wa karne ya 19, na sioni sababu ya kuigusa. "Sabini na tatu, ndugu yangu" inatamkika vizuri.

Mwenzao akifariki, Kiingereza husema kibonyezo chake kimenyamaza. Nimewahi kufikiria "amezima mtambo". Haifai. Kila mtu huzima mtambo akienda kulala, na siku ya pili marehemu angesikika akiuliza nani yuko hewani. Ametutoka, tuseme hivyo, twende matangani.

Nimeiweka mwisho hazina ninayoipenda kuliko zote. Wanahamu wameigawa dunia kwa miraba yenye herufi mbili na tarakimu mbili, mpango uliopewa jina la Maidenhead, mji wa Uingereza ulikojadiliwa mwaka 1980. Eneo kubwa lililo kati ya longitudo 20 na 40 mashariki, kuanzia ikweta hadi digrii 10 kusini, limeangukia herufi K na I. Mji wa Migori ni KI78. Homa Bay ni KI79, pamoja na Kisumu, Rongo na Awendo, kwa sababu mstari wa digrii 1 kusini unapita kaskazini kidogo ya mji wa Migori. Nairobi ni KI88, Mombasa KI95, Unguja na Dar es Salaam KI93, Goma KI48. Mwingereza aliyepanga herufi hizo hakujua kwamba anaiwekea nchi ya Kiswahili kiambishi cha Kiswahili.

Hata Migingo imo. Mwamba huo wa mabati na samaki, mdogo kuliko nusu ya uwanja wa kandanda, Kenya na Uganda zimeugombania kwa miaka mingi, na mwanahamu atakayefika huko na mtambo atasumbuka kujua kama ajitaje kwa 5Z au kwa 5X. Mraba wake, lakini, ni KI69, apeperushe bendera yeyote. Wawindaji wa visiwa hewani hawatampigania vilevile: orodha yao ya kimataifa inahesabu visiwa vya baharini peke yake, kwa hiyo Lamu imo, na Migingo, Rusinga na Mfangano, pamoja na wakaazi wake wote, hazimo.