Presha ya Macho au Mjao wa Jicho?

Kiswahili kina desturi ya ajabu kuhusu magonjwa. Kila binadamu ana sukari mwilini, ila tukisema "fulani ana sukari" tunampa pole. Kila binadamu ana presha, ila anayesemwa "ana presha" huulizwa anameza vidonge gani. Kitu tulicho nacho sote hugeuka ugonjwa kwa kutajwa tu. Ndiyo sababu sina raha na jina *presha ya macho*, ambalo tumelizoea kama jina la glakoma. Presha hiyo sote tunayo. Bila hiyo jicho lingenywea.

Lifuate jina hilo hadi Garissa. Tabibu wa macho wa huko amesomea kazi yake kwa Kiingereza, anaeleza kwa Kiswahili, na bibi aliyetoka Balambala anapokea kwa Kisomali kupitia mjukuu wake. Mjukuu akisikia "presha", neno la karibu mdomoni ni *dhiigkar*, yaani damu kuchemka. Ndivyo Wasomali wanavyouita ugonjwa wa shinikizo la damu, nami naona wametushinda kwa jina hilo. Lakini katika jicho la bibi hakuna damu inayochemka. Kuna maji angavu yanayotengenezwa mchana na usiku, na njia yake ya kutokea imekuwa nzito. Bibi ana haki ya kurudi nyumbani akiamini kwamba vidonge vyake vya presha vitatosha.

Kisomali kina *cadaadis* pia, shinikizo lisilotaja damu. Mjukuu angelifikia kama sisi tungeanza na neno lisilomvuta kwenye damu.

Msanifu wa lugha ataniambia: sema *shinikizo*. Ni neno lenye mwili. Zamani shinikizo lilikuwa chombo chenyewe cha kukamulia mafuta. Siku hizi, hata hivyo, shinikizo ama ni la damu ama ni la wanasiasa. Wanafizikia nao walitengeneza *kanieneo*, kani juu ya eneo, neno sahihi mpaka linapendeza. Nani atamwambia bibi ana kanieneo?

Hapa kuna jambo zito zaidi ya ladha. Jicho lenye presha ya juu na jicho lenye glakoma si jicho moja. Mpaka uliozoeleka wa presha ya jicho ni 21, kwa milimita za zebaki. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 uliwafuata watu 1,636 waliokuwa na presha ya juu machoni lakini neva zao za macho zikiwa nzima. Baada ya miaka mitano, glakoma iliwapata asilimia 9.5 ya wasiotiwa dawa, na asilimia 4.4 ya waliotiwa. Yaani hata bila dawa, walio wengi hawakuwa wameupata ugonjwa. Upande wa pili wako wenye glakoma ambao presha yao haikuvuka mpaka hata siku moja. Kwa jina moja tunamtisha wa kwanza na kumpotosha wa pili.

Basi hali ya kwanza, ya presha kupanda huku neva ikiwa salama, tuiiteje? Nilipima *mkazo*: ngozi ya ngoma hukazwa, na jicho vilevile. Lakini kukaza macho ni kumtazama mtu bila kupepesa, na mkazo wa macho utafahamika kama uchovu wa kusoma. Nilipima *mbano*, nikaliacha, kwa kuwa linaashiria mkono unaobana kutoka nje. Nimebaki na *mjao wa jicho*, kutoka kujaa. Linataja sababu: maji yanaingia kwa wingi kuliko yanavyotoka. Kasoro yake naijua, macho hujaa machozi pia. Ndiyo maana nasisitiza umoja, *jicho*, kwa kuwa machozi tumezoea kuyajaza machoni.

Ugonjwa wenyewe uendelee kuitwa *glakoma*. Waarabu wana maji ya buluu, Waajemi maji meusi, Wajerumani wana rangi ya kijani. Na neno la Kigiriki lililozaa glakoma nalo ni la rangi, kati ya buluu na kijivu. Kuyaazima maji ya buluu kungevutia, hasa mahali ambapo watoto husoma Kiarabu dugsini, yaani madrasani. Ila aliyesikia kwamba mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji atataka maji ya buluu nayo yamwagwe, aone tena. Glakoma halimwambii mgonjwa chochote, na hiyo ndiyo faida yake: tabibu analazimika kueleza.

*Mshipa*, kwa maana ya neva, nao una hatari. Kwetu mshipa hubeba damu, hubeba hisia, na hata ngiri huitwa mshipa. Ukisema "presha imeharibu mshipa wa jicho" umeirudisha damu uliyoifukuza. *Neva* litoshe. Mshipa wa kuonea haufai kabisa, maana kuonea ni kudhulumu.

Kwa dawa, tofautisha *kutibu* na *kupona*. Glakoma hutibiwa, kilichopotea hakirudi. *Kudhibiti* ndilo tendo lenyewe. Na matone *hutiwa*, hayatumiwi tu: "tumia dawa" linamfanya mfungaji aiweke chupa kando Ramadhani nzima, ilhali kwa madhehebu ya Shafii wanayoyafuata Wasomali, kutia kitu jichoni hakubatilishi saumu. Na leza? Tunasema mtu "amepigwa leza", kama sindano. Katika utafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, uliochapishwa mwaka 2021, leza ilifaulu katika macho 61 kwa kila 100, matone ya timololi katika 31, baada ya mwaka mmoja. Tiba ya namna hiyo isitangazwe kwa kipigo. Kazi yake ni kuyarahisishia maji njia. Semeni *kuzibua kwa leza*.

Limebaki jina la mafunzo ya matabibu ambamo haya yangefundishwa. *Semina* linanuka posho. *Mafunzo kazini* linamshusha bingwa awe mwanagenzi. *Elimu endelevu* limechoshwa na hotuba za maendeleo. Tunalo *kudurusu*, kulipitia tena somo ulilokwisha kulisoma, ndugu wa darasa na madrasa. Ali ibn Isa wa Baghdad, takriban miaka elfu moja iliyopita, aliwaandikia matabibu wa macho kitabu akakiita *Tadhkira*, ukumbusho, kutoka mzizi uliotupa dhikiri. Hakudhani wenzake hawajui, alidhani watasahau.

Napendekeza *durusu ya tiba*. Na durusu ya kwanza ya glakoma, Garissa, Wajir au Mandera, ianze kabla ya vipimo na dawa: kila tabibu amweleze mwenzake tofauti ya mjao na glakoma bila neno la Kiingereza, mkalimani akiwa amekaa hapohapo akiitafsiri kwa Kisomali.