Kericho ilipopigana na mawe ya mbinguni

Kila mvua ya mawe inapofunika mashamba ya nyanda za juu za Kenya, picha husambaa kwenye simu na maneno yale yale: theluji imeanguka! Ubishi huo ulipamba moto Septemba 2008, kijiji cha Busara karibu na Nyahururu kilipogeuka cheupe na watu wakafurika mlimani kuchota barafu kwa mikono. Wataalamu wa hali ya hewa wakaeleza kwamba ni mvua ya mawe, punje ndogo ndogo zilizomwagika kwa wingi hadi zikashikana. Wengi hawakukubali. Theluji ilikuwa tamu zaidi kusimulia.

Tofauti ya theluji na mvua ya mawe si ya maneno tu. Theluji ni mvuke ulioganda angani ukawa chembe nyepesi zinazopepea. Jiwe la mvua hukulia ndani ya wingu refu la radi, likirushwa juu na upepo huku matone yenye baridi kali yakiligandia tabaka kwa tabaka. Ukilipasua kwa kisu kabla halijayeyuka, unaona pete nyeupe na pete ang'avu, kama kitunguu. Sakitu nayo wala si mvua: ni unyevu uliogandia kwenye jani alfajiri, kama ule uliounguza chai ya Kericho Januari 2012.

Na Kericho haihitaji kupambwa kwa theluji. Sehemu hii, pamoja na milima jirani ya Nandi, hutajwa kuwa miongoni mwa zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Takwimu inayonukuliwa ni siku 132 kwa mwaka. Sababu iko magharibi. Mchana upepo wenye unyevu hutoka Ziwa Victoria, ukapanda miinuko na kukutana na upepo wa mashariki, na ifikapo alasiri mawingu yamesimama kama minara. Mawe yenyewe mara nyingi ni madogo. Lakini jani changa la chai halihitaji jiwe kubwa. Likishachanika halifai kiwandani, na jeraha kwenye tawi huwa mlango wa ukungu.

Kampuni kubwa za chai zilikuja katika miaka ya 1920, na hasara ikaja nazo. Vita vyenyewe dhidi ya mawe vilianza miaka ya 1960. H. W. Sansom, wa Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, ndiye aliyeandika habari zake, na makala yake ya mwaka 1966 katika jarida la Uingereza la Weather ni hazina inayostahili kusomwa hapa kwetu kuliko inavyosomwa. Anasimulia jinsi mashamba ya chai yalivyorusha roketi zenye baruti ya TNT ndani ya mawingu.

Wazo hilo lilikuwa na ukoo mrefu. Mwaka 1896 Albert Stiger, meya wa mji mdogo wa mizabibu katika milki ya Austria, alisimamisha mizinga yenye midomo mipana kama tarumbeta akafyatulia mawingu. Mizinga ikaenea kwa maelfu hadi Italia, kisha serikali zikaipima na kuona haifui dafu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja roketi. Waliozitetea walisema mshindo hupasua barafu ndani ya wingu, kinachoanguka kikawa laini kama uji. Wapinzani waliuliza swali gumu: utajuaje? Wingu moja haliwezi kupigwa na kuachwa kwa wakati mmoja. Mawe yakikosa kuanguka baada ya mshindo, huenda yasingeanguka hata hivyo.

Mimi nawaheshimu waliofyatua. Kusimama katikati ya chai, mbingu imekuwa nyeusi, na kujibu radi kwa radi ni kazi ya watu waliochoka kuhesabu hasara. Majira baada ya majira waliandika saa, wingu na uharibifu, na kumbukumbu hizo zina thamani hata kama roketi hazikuthibitika.

Baadaye zikaja ndege. Kampuni ya Kimarekani ya Thomas Henderson ilipita chini ya mawingu ikitoa moshi wa iodidi ya fedha, ili maji yaanze kuganda mahali pengi na mawe yabaki madogo, yayeyuke kabla ya kutua.

Lakini ugunduzi unaonishangaza zaidi ulikuwa chini, miguuni pa wachumaji. Mwaka 1982 Russell Schnell na S. N. Tan-Schnell walichapisha utafiti kuhusu majani makavu yanayooza chini ya michai ya Kenya. Vumbi la majani hayo lina uwezo mkubwa wa kugandisha maji. Si ajabu: kuna bakteria wa mimea wanaoweza kugandisha maji kwenye nyuzi 2 tu chini ya sifuri, ilhali tone safi la wingu huweza kushuka hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri bila kuganda. Wachumaji wakipita huvuruga takataka hizo, chembe zikapanda na hewa ya mchana. Huenda chai yenyewe inasaidia kuita mawe yanayoipiga.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyobeba idara ile ya Sansom, ilivunjika mwaka 1977, na kila nchi ikabaki na idara yake ya hali ya hewa. Roketi na ndege zimekuwa hadithi za wazee. Inauma kwamba mtoto anayesoma Kericho, iliyoifundisha dunia kuhusu barafu ya ikweta, hujifunza theluji ya Ulaya kabla ya mawe yanayopiga bati la darasa lake.

Utabiri wa redioni kwa kawaida husema mvua na ngurumo alasiri, nyanda za juu magharibi mwa Bonde la Ufa. Mwenye ekari moja ya chai hutazama upande wa ziwa tangu saa saba. Tumbo la wingu likiiva weusi na upepo ukageuka baridi ghafla, hufunga gunia la majani aliyochuma, akalitanguliza kituo cha kupimia kabla ya punje ya kwanza kugonga bati.