Historia ya Wajerumani mtandaoni, na picha zetu zilizomo ndani yake

Mchana wa tarehe 3 Machi 2009, jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Kihistoria la jiji la Köln liliporomoka. Chini ya barabara ya Severinstraße mafundi walikuwa wakijenga njia ya treni ya chini ya ardhi. Maji na udongo viliingia shimoni, ardhi ikabonyea, na jengo likaenda nayo. Wafanyakazi na wasomaji waliokuwamo walinusurika kwa sababu mafundi waliwahi kuwapigia kelele watoke. Vijana wawili wa nyumba ya jirani walipoteza maisha. Rafu ambazo zingepangwa kwa mstari zingefika kilomita 30 hivi, zenye hati za kuanzia mwaka 922 hadi karatasi za mwandishi Heinrich Böll, zilifukiwa na kifusi, matope na maji.

Muda mfupi baadaye watafiti walifungua jukwaa la mtandaoni na kutoa wito: kila aliyewahi kusoma hati pale na kuondoka na nakala, aipakie. Fotokopi zilizokuwa zimelala makabatini na picha ambazo wanahistoria walizipiga kwa ajili ya kazi zao zikawa ghafla mali ya umma. Filamu ndogo (mikrofilamu) za sehemu ya nyaraka hizo nazo zilikuwa salama katika handaki la Barbarastollen, karibu na Freiburg, ambako serikali ya shirikisho huhifadhi akiba ya kumbukumbu za taifa. Karatasi zenyewe, takriban asilimia 95, zilifukuliwa kidogo kidogo, na zilizolowa zikagandishwa zisioze. Jengo jipya lilifunguliwa mwaka 2021, lakini kazi ya kuziunganisha na kuzisafisha ni ya miongo kadhaa.

Nimeanza na Köln kwa sababu pale ndipo lilipoonekana wazi jambo ambalo taasisi za utamaduni za Ujerumani zimelisomea kwa miaka 30: kumbukumbu ya jamii haikai ndani ya jengo peke yake. Iko pia kwa watu.

Safari yenyewe ilianza mapema zaidi. Mwaka 1994 jarida la Der Spiegel liliingia mtandaoni, miongoni mwa majarida ya mwanzo kabisa duniani kufanya hivyo, na mwaka huohuo ukazaliwa mradi wa Projekt Gutenberg-DE, ulioanza kuweka mtandaoni fasihi ya Kijerumani ambayo hakimiliki yake imekwisha. Mwishoni mwa muongo ule ikaja LeMO, yaani Makumbusho Hai Mtandaoni, kazi ya pamoja ya Makumbusho ya Historia ya Ujerumani ya Berlin, Haus der Geschichte (Nyumba ya Historia) ya Bonn na wataalamu wa kompyuta wa taasisi ya Fraunhofer. Walijaribu hata vyumba vya pande tatu ambamo mgeni angetembea akiwa kwenye kompyuta yake. Vyumba vile viliachwa baadaye, teknolojia ilivipita.

Kilichodumu ni sehemu ya LeMO iliyokuwa nyepesi kuliko zote kiufundi. Iliitwa Kumbukumbu ya Pamoja, na humo watu wa kawaida waliandika waliyoyaona: utoto chini ya mabomu, kukimbia makwao mwaka 1945, maisha katika nchi iliyogawanywa na ukuta. Hawakuwa wanahistoria. Maandishi yao yamewekwa karibu na tarehe na picha za matukio makubwa, kwa hiyo msomaji anayetafuta habari za vita anakutana pia na mtoto aliyekuwa na njaa. Kwangu mimi hiyo ndiyo simulizi ya kidijitali ya kwanza ya maana nchini humo, hata kama wakati ule hakuna aliyeiita hivyo.

Upande wa maktaba kazi ilikuwa ya subira. Mwaka 1997 München na Göttingen zilifungua vituo vya kugeuza vitabu vya kale kuwa vya kidijitali, ukurasa kwa ukurasa. Tarehe 2 Septemba 2004 maktaba ya Herzogin Anna Amalia ya Weimar ikashika moto. Vitabu 50,000 viliteketea na vingine 62,000 vikaharibiwa na moto na maji. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa yeyote kudai kwamba skana ni anasa. Mwaka 2007 Maktaba ya Jimbo la Bavaria ilikubaliana na Google kuskani vitabu zaidi ya milioni moja vilivyokwisha hakimiliki, uamuzi uliozua mjadala kuhusu kampuni binafsi kushika urithi wa umma.

Jibu la umma lilichelewa. Maktaba ya Kidijitali ya Ujerumani, inayofahamika kwa kifupi kama DDB, ilianza kwa majaribio Novemba 2012 na kukamilika kama huduma Machi 2014. Sababu moja ya kujikokota ni muundo wa nchi yenyewe: utamaduni ni mamlaka ya majimbo, nayo ni 16, na kila moja lina makumbusho yake, orodha zake na namna yake ya kuandika maelezo. Kuyaketisha mezani pamoja na serikali ya shirikisho si kazi ya siku moja. Leo DDB inafikisha kwa msomaji mamilioni ya vitu kutoka maktaba, hifadhi za nyaraka na makumbusho, na tangu 2021 ina lango la magazeti ya zamani.

Lakini mamilioni ya vitu si hadithi. Mtu akifungua orodha yenye picha elfu kumi bila mkono wa kumwongoza, atafunga baada ya dakika tatu. Waliolielewa hili mapema ni watu wa jumba la sanaa la Städel, Frankfurt. Mwaka 2015, kwa maonyesho yao ya mchoraji Monet na kuzaliwa kwa uchoraji wa Impressionism, walitoa kitu walichokiita Digitorial. Unakifungua bure kwenye simu kabla hujatoka nyumbani. Mchoro unajaza kioo. Ukiusukuma kwa kidole, maelezo mafupi yanajitokeza, kisha picha ya jiji la wakati ule, kisha sehemu ya mchoro iliyosogezwa karibu kiasi kwamba unaona mwendo wa brashi. Unafika jumbani ukiwa tayari na maswali yako. Mwaka huohuo kazi hiyo ilipata tuzo ya Grimme Online, iliyoanza kutolewa Ujerumani mwaka 2001 kwa kazi bora za mtandaoni.

Mwaka mmoja kabla, Berlin ilishuhudia shindano la kwanza la Coding da Vinci, ambapo taasisi za utamaduni zilifungua hazina zao na kuwaachia vijana wa programu wazichezee. Makumbusho ya Elimu Viumbe ya Berlin ilitoa sauti za ndege, na vijana wakatengeneza saa ya kuamsha inayolia kwa sauti ya ndege na haizimi mpaka umtambue ni ndege gani. Wengine walichukua orodha ya waandishi waliopigwa marufuku na Wanazi, wakaigeuza kuwa tovuti inayoonyesha waandishi hao ni akina nani na walipatwa na nini. Data ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba ilikabidhiwa kwa watu wa nje ya makumbusho.

Si kila jaribio lilipendeza. Mei 2021 mashirika ya utangazaji ya SWR na BR yalianza kumsimulia Sophie Scholl kwenye Instagram, yule mwanafunzi wa München aliyeuawa na Wanazi mwezi Februari 1943. Mwigizaji Luna Wedler alishika simu kana kwamba ni Sophie mwenyewe anayejirekodi, siku kwa siku, miezi kumi ya mwisho ya uhai wake. Mamia ya maelfu ya vijana walifuatilia. Wanahistoria wakauliza: mfuasi atajuaje lipi limetoka kwenye barua zake na lipi limetungwa studioni? Naungana nao. Simulizi yenye nguvu kiasi hicho ilipaswa kuonyesha mshono wake kila siku, maana mtu aliyekufa hawezi kukanusha maneno anayowekewa mdomoni.

Swali la nani anamsemea nani ndilo linalotufikia sisi Waafrika. Novemba 2022, kwa kazi iliyoongozwa na makumbusho ya MARKK ya Hamburg, ilizinduliwa Digital Benin, tovuti inayokusanya pamoja zaidi ya vitu 5,000 vya Ufalme wa Benin wa Nigeria, ambavyo vingi viliporwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897 na sasa vimetawanyika katika taasisi 131 za nchi 20. Wanigeria walishiriki kuijenga, vitu vina majina yake ya Kiedo, na masimulizi ya wazee yamo. Mwezi uliofuata Ujerumani iliikabidhi Nigeria, mjini Abuja, shaba 20 za Benin.

Kwa upande wetu Watanzania, maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imeweka mtandaoni picha zipatazo 55,000 zilizokusanywa na chama cha kikoloni cha Wajerumani, zikiwemo za iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mwishoni mwa 2021 DDB ikafungua lango maalumu la makusanyo yaliyotokana na ukoloni. Mwaka 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba radhi Songea kwa unyama wa Wajerumani katika vita vya Maji Maji. Ni hatua, na ninaziheshimu.

Hata hivyo, fungua picha hizo uone. Mara nyingi Mzungu ana jina na cheo, na Waafrika waliosimama naye wanaitwa wapagazi, askari au wenyeji. Tena lango la DDB linaongea Kijerumani na Kiingereza. Mzee wa Old Moshi anayeweza kumtambua babu yake kwenye picha hana mlango wa kuingilia kwa lugha anayoiongea.

Wizara yenye dhamana ya utamaduni, Makumbusho ya Taifa na vyuo vikuu vyetu vidai mambo mawili kutoka Berlin na Frankfurt: maelezo ya picha hizo kwa Kiswahili, na mahali pa wananchi kuandika majina ya watu wao. Nawe msomaji, kama nyumbani yuko mtu aliyesikia habari za enzi ya Mjerumani kutoka kwa wazazi wake, washa simu, mwonyeshe picha za wilaya yenu, na urekodi anayosema.